Kulea Si Kuasili

Kila inapotangazwa habari ya kichanga kilichookotwa kando ya barabara au mlangoni mwa zahanati, hawakosi watu wa kusema, "Nipeni mimi nimlee." Ni kauli ya huruma, na wengi wanaoitoa wanaimaanisha. Wachache wao hufunga safari mpaka ofisi ya ustawi wa jamii, na huko hukutana na maswali wasiyoyatarajia: kipato chako ni kiasi gani, una ndoa, nyumba ina vyumba vingapi, na je, unaomba kulea au kuasili? Swali hilo la mwisho ndilo linalowashangaza zaidi. Kwao lilikuwa jambo moja.

Lawama huanzia hapo. Wapo wanaosema serikali inawanyima watoto mapenzi kwa ajili ya karatasi. Wapo wanaojibu kwamba mtoto wa watu haokotwi kama kuku aliyepotea. Shehe anasema dini hairuhusu, na mchungaji wa kanisa la jirani anashangaa kusikia hivyo. Mzee wa ukoo anauliza jambo moja tu: huyo mtoto atarithi shamba la nani?

Wote hao hudhani wanabishana juu ya kitu kimoja, kumbe kila mmoja ana chake. Ndani ya neno "kuasili" mna mambo manne yaliyofungwa pamoja. Kuna malezi, yaani kumlisha mtoto, kumsomesha na kukesha naye akiugua. Kuna jina, lile linaloandikwa kwenye cheti. Kuna urithi. Na kuna ukoo, ambao ndio huamua nani atapokea posa yake, nani atasimama kaburini kwake, na ni akina nani haruhusiwi kuoana nao. Watu wetu kwa karne nyingi wamekuwa wakitoa moja au mawili kati ya hayo na kuyabakiza mengine. Sheria ya kisasa huyakabidhi yote manne kwa mkupuo mmoja. Asiyeitambua tofauti hiyo hawezi kuelewa kwa nini watu wema hushindwa kusikilizana.

Maneno tuliyorithi na maneno tuliyopewa

Kiswahili hakikupungukiwa maneno hapa. Mtoto wa kambo ni wa mume au wa mke mwenzio. Mtoto wa kufikia ni yule ambaye mama aliolewa akiwa naye tayari. Mtoto wa kupanga, neno la zamani, ni aliyechukuliwa na wasiomzaa akawa wao. Mtoto wa kulea ni pana kuliko yote, maana huweza kuwa mpwa, mjukuu, mtoto wa rafiki au wa jirani aliyefariki. Kuasili limetoka kwenye asili, na makazi yake ni mahakamani, maofisini na kwenye vyombo vya habari.

Halafu yakaja maneno ya serikali. Nchini Tanzania, mpango wa kumweka mtoto kwa muda katika familia isiyo yake huitwa rasmi "malezi ya kambo". Mwananchi wa kawaida akisikia kambo hukumbuka mama wa kambo wa hadithini, yule anayempa mtoto makoko na kumlaza jikoni. Serikali ilitaka kumwomba mtu mwema afungue mlango wa nyumba yake, lakini ikamwita kwa jina ambalo kila mtu anakwepa kuitwa. Sidhani kama jina peke yake huwazuia watu, ila halisaidii hata kidogo.

Kafala nalo lina mzigo wake. Katika sheria ya Kiislamu ni ahadi tukufu ya kumlea yatima. Lakini kwa familia nyingi za Mombasa, Tanga, Kampala au Bujumbura zilizopeleka binti kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, kafala ni ule utaratibu unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na kafili ni yule anayekaa na pasipoti. Aliyewahi kusikia binti wa jirani akilia kwenye simu hawezi kulipokea neno hilo hilo kwa utulivu linapotumiwa kwa mtoto mdogo.

Na kuasili kwenyewe kuna dai ndani yake, kwamba mtoto hupewa asili. Je, asili ni kitu ambacho jaji anaweza kukitoa? Ubishi karibu wote unazunguka hapo.

Haikuanza kwa ajili ya mtoto

Wengi hudhani kuasili ni huruma ya kisasa. Historia inasema vingine. Sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, tayari zina vifungu juu ya mtoto wa kupanga. Fundi aliyemchukua mtoto na kumfundisha kazi yake hawezi kudaiwa amrudishe; asipomfundisha, mtoto hurudi nyumbani kwa baba yake. Hapo kilichomfanya mtoto kuwa wako ni kazi uliyoitia mikononi mwake.

Warumi walichukua watu wazima, na lengo lilikuwa mrithi wa mali na wa cheo. Julius Caesar alipouawa mwaka 44 kabla ya Kristo, wasia wake ulimfanya Octavian, mjukuu wa dada yake, kuwa mwanawe, na kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Augusto. Mwaka 97 baada ya Kristo mtawala Nerva alimwasili Trajan, jemadari aliyekomaa, ili dola isiyumbe. Huko Japani utaratibu wa kumwasili mkwe ili jina na biashara ya familia visife upo mpaka leo. Osamu Suzuki, aliyeiongoza kampuni ya magari ya Suzuki kwa miongo mingi, alizaliwa Osamu Matsuda. Jina la Suzuki alilipata kwa ndoa na kuasiliwa.

Kwetu pia jambo hili lilibeba siasa na ardhi. Wakikuyu wa Kiambu walipofika mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoundwa mwaka 1932, sehemu ya hoja yao ilikuwa kwamba waliipata ardhi yao kwa Wandorobo, wenyeji waliowakuta huko, kwa njia ya kununua, na kwamba kabla ya kuuziana pande mbili zilifanya tambiko la kufanyana ndugu. Jomo Kenyatta aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Mgeni hakuuziwa ardhi. Aliingizwa kwanza ukooni, ndipo ardhi ikahama kati ya ndugu. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Hiyo haiitwi kuasili, lakini inajibu swali lile lile: nyumba isiyo na mtoto itasimamaje?

Sheria tunayoijua leo ni changa mbele ya hayo yote. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitunga mwaka 1851 sheria iliyowataka majaji watazame kwanza kama waombaji wanafaa kumlea mtoto. Uingereza ilisubiri mpaka 1926, baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuacha yatima wengi, na makoloni yake yakaletewa sheria za mfano huo. Ndiyo maana sheria ya kuasili ya Afrika Mashariki ilikuwa na sura ya Kiingereza tangu mwanzo. Ilitungwa kwa ajili ya nchi ambako mtoto asiye na baba na mama alihesabiwa hana mtu. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo ana mjomba, shangazi, bibi, mama mdogo, na nyumba nzima ya watu wanaomwita mwanetu.

Malezi ya ukoo: nguvu yake na ufa wake

"Kuzaa si kazi, kazi kulea." Msemo huo umebeba mfumo mzima. Mtoto hupelekwa kwa bibi ili bibi asikae peke yake. Mwingine huenda kwa mjomba aliye karibu na shule. Mwingine hupewa shangazi ambaye hakujaliwa. Hakuna anayekwenda mahakamani. Ukimwi ulipoingia Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, mfumo huu ndio uliowabeba yatima, na mabega yaliyolemewa zaidi yalikuwa ya bibi zao. Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ilikuwa na familia zilizofungua nyumba zao kwa watoto wasiowafahamu. Leo walezi wa namna hiyo huitwa huko malayika mulinzi.

Nguvu ya malezi haya ni kwamba hayamng'oi mtoto. Anabaki na jina lake, lugha yake, mahali pa kuzikwa wazazi wake. Ni ya haraka pia: mtoto aliyefiwa asubuhi analala kwa mama yake mdogo jioni. Hakuna serikali yenye ofisi ya kufanya kazi kwa kasi hiyo.

Ufa upo, na wa kwanza huonekana kwenye nyumba zetu za mjini. Binti analetwa kutoka kijijini kwa maneno ya "njoo nikusomeshe". Mwezi wa kwanza anaosha vyombo kwa sababu ni adabu. Mwaka wa pili anaamka saa kumi alfajiri kuwaandaa watoto wa mwenye nyumba waende shule, naye habanduki jikoni. Wageni wakiuliza, wanaambiwa, "Huyu ni mdogo wangu." Neno la udugu linageuzwa shuka la kufunikia utumishi usiolipwa. Kwa kuwa hapakuandikwa chochote, hakuna wa kumuuliza mlezi alichoahidi.

Ufa wa pili hujitokeza mlezi anapofariki, na huu mimi nauona mkubwa zaidi. Utazame kwa karibu ule mkutano wa baada ya matanga. Wazee wamekaa kwenye mkeka na viti vya kukodi. Kijana mwenye mwandiko mzuri amepewa daftari aandike muhtasari wa kikao cha ukoo, maana Mahakama ya Mwanzo itautaka kabla ya kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Anaandika kichwa: majina ya warithi. Wanatajwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyelelewa humo tangu akiwa na miaka miwili, aliyemwogesha marehemu miezi yake ya mwisho, amesimama mlangoni akisubiri jina lake. Mzee mmoja anasema kwa upole kabisa, "Huyu tulimlea tu." Kalamu inapita. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfukuza, lakini tangu dakika ile hana mahali.

Sheria za mirathi hazikubaliani juu ya kijana huyo. Tanzania ina mifumo mitatu inayoishi pamoja: mila, sheria ya Kiislamu, na ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 iliyobaki tangu ukoloni. Hakuna hata mmoja unaompokea kirahisi mtoto aliyelelewa bila hati. Kenya ilikwenda hatua moja mbele. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, kinawataja kati ya wategemezi watoto ambao marehemu aliwachukua katika familia yake kama wake mwenyewe, mradi awe alikuwa akiwatunza mpaka kufa kwake. Ni kifungu kifupi chenye ubinadamu mwingi. Udhaifu wake ni kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuthibitisha, mbele ya ndugu wenye kila sababu ya kusahau.

Mahakama na asili mpya

Upande wa pili upo uasili wa kisheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya 2009, inaweka wazi kwamba amri ya kuasili ikishatolewa, haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma, hata zile zinazotokana na mila. Mtoto huwa wa waliomwasili kana kwamba amezaliwa kwao. Maombi ya kawaida hupelekwa Mahakama Kuu, na nyuma yake kuna ripoti ya ofisa ustawi wa jamii aliyeitembelea nyumba. Kenya inataka mtoto awe ametimiza wiki 6 na awe ametangazwa rasmi kuwa anaweza kuasiliwa, na mwombaji awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21.

Wanaouponda utaratibu huu kuwa ni urasimu mtupu hawautendei haki. Mlolongo ule unajibu maswali ambayo mapenzi hayawezi kuyajibu. Kichanga kimeokotwa: je, mama yake amekitupa, au aliibiwa? Baba yake anajua kama yupo? Anayemtaka ana nia gani? Ukimkabidhi mtoto aliyekuja wa kwanza kunyoosha mkono, umefungua mlango ambao muuza watoto naye atapita. Zaidi ya hapo, aliyeasiliwa ndiye mtoto pekee kati ya wote niliowataja ambaye jina lake haliwezi kurukwa kwenye daftari la matanga. Hati yake inamlinda hata mlezi akiwa kaburini.

Gharama yake ni mbili. Moja ni ya kawaida: muda, nauli, wakili, safari za kwenda na kurudi mjini. Shangazi anayemlea mpwa wake Sumbawanga hawezi kuyaanza hayo, wala haoni sababu, kwa kuwa mtoto ni wake tayari. Gharama ya pili ni nzito zaidi. Ili kumpa mtoto familia mpya, sheria inaikata ile ya kwanza. Kwa mtoto asiyejulikana kwao hakuna kinachokatwa. Kwa mtoto mwenye bibi hai, yule bibi anakuwa mgeni kisheria kwa mjukuu wake.

Kuna nchi zilizoliona hilo. Ufaransa tangu mwaka 1966 ina uasili wa aina mbili, mmoja unaokata uhusiano wa kwanza na mwingine unaoongeza familia ya pili bila kuifuta ya awali. Kongo ya Kinshasa, katika Sheria yake ya Familia ya mwaka 1987, ilichagua kwamba mtoto aliyeasiliwa ni mtoto kamili wa aliyemwasili, na hapo hapo anabaki na uhusiano na familia alikozaliwa. Njia hiyo ina matatizo yake, kwa maana familia mbili zinaweza kuvutana juu ya mtoto mmoja. Lakini inafanana zaidi na tunavyoishi kuliko ile tuliyoletewa kutoka London.

Kafala: malezi kamili, nasaba haiguswi

Msimamo wa Uislamu huelezwa vibaya na pande zote mbili. Wengine husema Uislamu unakataza kuasili, wakaishia hapo, kana kwamba yatima ameachwa barabarani. Asili ya hukumu ni kisa cha Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa, akapewa Mtume Muhammad (S.A.W.) na mkewe Bi Khadija, akaachwa huru na kufanywa mwana, hata watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Aya za Surat al-Ahzab zikaja kuelekeza kwamba watoto waitwe kwa baba zao. Zayd akarudia jina la Haritha. Hakutolewa nyumbani wala moyoni; ndiye aliyepewa bendera ya jeshi katika vita vya Mu'ta, na huko akauawa. Kilichoondolewa ni jina la nasaba peke yake.

Kwa hiyo kafala inatoa malezi yote na kuacha nasaba ilipo. Mtoto harithi kwa haki ya kuzaliwa, lakini mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali, na akiwa hai anaweza kumpa hiba kiasi apendacho. Tatizo la umaharimu, yaani nani anaweza kukaa na nani faraghani mtoto akibalehe, lina njia yake pia: mtoto akinyonyeshwa kabla ya kutimiza miaka miwili, mara tano kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi inayofuatwa pwani yetu, huwa mwana wa kunyonya wa aliyemnyonyesha na ndugu wa watoto wake. Si jambo la vitabuni tu. Ni akili ya vitendo iliyowawezesha watu kulea bila kudanganya juu ya damu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kwa jina. Sheria ya Watoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, iliitambua, na Kenya ikafanya hivyo katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Waislamu wenyewe hawana kauli moja ya kisheria: Tunisia imeruhusu uasili kamili tangu 1958.

Ila kafala ina mahali inapoteleza. Wengi huitangaza kwa mdomo na hawauandiki wasia, wakiamini ndugu zao watafanya haki. Na ikivuka mpaka hupungua thamani. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Ufaransa haikuvunja haki ilipomkatalia raia wake kumwasili mtoto wa Algeria aliyekuwa akimlea kwa kafala. Familia za Waswahili walioko Ulaya wanaotaka kumchukua mtoto wa ndugu aliyefariki Lamu au Unguja wanapaswa kulijua hilo kabla ya kununua tiketi.

Watoto waliovuka bahari

Hakuna mahali ambapo tofauti ya maana imeumiza kama hapa. Mwaka 2006 mwanamuziki Madonna alipopewa na mahakama ya Malawi amri ya muda ya kumchukua mtoto wa kiume, baba mzazi, aliyekuwa amempeleka mwanawe kituoni baada ya kufiwa na mkewe, alinukuliwa akisema hakuelewa kwamba mtoto anakwenda kuwa wa mwingine moja kwa moja. Baadaye alisema ameridhika. Lakini maneno yake ya kwanza yanatosha kutufundisha. Kituo kwake kilikuwa msaada wa malezi, kama kumpeleka mtoto kwa mjomba mwenye uwezo. Alitia sahihi akiwa na maana moja kichwani, na karatasi ilikuwa na nyingine.

Pale ambapo hakukuwa na mtu mashuhuri mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi Oktoba 2007 shirika moja la Kifaransa lilikamatwa nchini Chad likijaribu kuwasafirisha kwa ndege watoto 103 walioitwa yatima wa Darfur. Ilipochunguzwa, wengi wao walikuwa na mzazi hai. Nchini Uganda, wageni waliokwepa sharti la kumlea mtoto miaka mitatu kabla ya kumwasili waliomba amri ya ulezi tu, wakaondoka naye, wakamwasili ng'ambo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliufunga mlango huo kwa kuuacha ulezi kwa raia peke yao.

Rwanda ilikuwa imesimamisha uasili wa nje mwaka 2010, Kongo ikazuia watoto walioasiliwa kutoka nchini Septemba 2013, Kenya ikafuata Novemba 2014, na Ethiopia ikapiga marufuku kabisa Januari 2018. Wakosoaji wanasema makatazo hayo yaliwafungia vituoni watoto ambao hawakuwa na mtu. Ni kweli kwa baadhi yao, hasa wenye ulemavu, ambao waombaji wa ndani huwapita. Lakini fedha za kigeni zilikuwa zimeanza kuwatafutia watoto wazazi wapya wakati wazazi wa kwanza wangali hai na wanachokosa ni ada na unga. Serikali iliyosimamisha mambo ilifanya vyema. Iliyosimamisha na kutojenga kitu ndani ya nchi ilifanya nusu ya kazi. Rwanda ilianza mwaka 2012 kuwahamisha watoto kutoka vituoni kwenda kwenye familia, na Kenya ina mkakati wa mageuzi ya malezi wa mwaka 2022 hadi 2032 wenye lengo hilo hilo.

Kupima

Nikiziweka njia hizi kwenye mizani, sioni iliyo bora kwa kila mtoto, na nadhani kuitafuta ndiyo kosa. Swali la kwanza liwe: mtoto huyu ana nani?

Mwenye ndugu anaostahili kukaa nao hana haja ya asili mpya. Ana haja ya karatasi. Inafaa uwepo utaratibu mwepesi wa kuandikisha malezi ya ukoo karibu na watu, mbele ya ofisa ustawi wa jamii wa kata au mahakama ya chini, unaosema mtoto huyu yuko kwa huyu, anasomeshwa na huyu, na mlezi akifa jina lake lisomwe. Najua hatari yake. Daftari rahisi linaweza kuandikwa na mtu mbaya, na maofisa ni wachache kwa kazi waliyonayo sasa. Pamoja na hayo, hali ya leo, ambapo sehemu kubwa ya malezi haionekani popote, inampa mtu mbaya nafasi kubwa zaidi.

Asiye na mtu anayejulikana apewe uasili kamili, na apewe mapema. Miaka ya mwanzo hairudi, na kila mwezi faili linapolala mezani mtoto anaukosa mkono mmoja wa kumshika. Kwa Mwislamu njia ni kafala, lakini iandikwe, na wasia na hiba vifuatane nayo. Huruma isiyo na wasia humwacha yatima ayatimwe mara ya pili. Katikati kuna watoto wengi wenye familia hai isiyojiweza na walezi wanaotaka kuwapa jina na mali. Kwa ajili yao watunga sheria wetu waitazame Kongo na uasili unaoongeza familia bila kukata. Kusafiri nje kuwe mlango wa mwisho, wala usigongwe kabla ya ile ya ndani kufunguliwa yote.

Jambo moja linazigusa njia zote, nalo ni siri. Bado wapo wanaohama mtaa ili majirani wasijue, na wanaomwacha mtoto agundue ukweli siku ya msiba kutoka kinywani mwa shangazi mwenye hasira. Kumficha mtoto asili yake humlinda mlezi aibu ambayo haipo, na humwibia mtoto kitu ambacho ni chake.

Kama unamlea mtoto wa mwenzio, usingoje sheria mpya. Mwambie alikotoka, kwa maneno yanayolingana na umri wake. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa chifu uandikiwe barua. Andika wasia wenye jina lake kamili na mashahidi wanaoaminika, kisha waambie nduguzo ulipoweka nakala. Fanya hivyo mwezi huu.